Wateja walikodi canter kuja kumwona Shosho mgonjwa. Shosho ni mimi

Wakuu, niaje. Wale wa kusoma na chai mkononi, wekeni maji motoni kwanza, kwa sababu hii si fupi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Majina ya watu na ya page nimebadilisha na kampuni sitaitaja, maana bado nafanya kazi pale na ningependa kuendelea. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, hata zile sehemu zinazoniaibisha. Mama mmoja mtakayemsikia hapa nilimwomba ruhusa kabla sijaandika. Alinikubalia, isipokuwa kitu kimoja, na hicho sitakiandika.

Mimi ni mtu wa miaka thelathini na moja. Naishi Mwiki, kwa bedsitter, peke yangu. Kazi iko Industrial Area ya Thika, kwenye kampuni ndogo ya chakula cha kuku. Mimi ndiye admin wa page yetu ya mtandaoni.

Nilipoajiriwa ile page ilikuwa imekauka kabisa. Picha ya gunia, bei, namba ya simu. Kesho yake, picha ya gunia, bei, namba ya simu. Likes nne, na mbili kati ya hizo ni za Madam mwenye kampuni na bwanake.

Siku moja mteja akauliza kwa nini vifaranga wake wanarundikana kwenye kona na kufa. Nilikuwa nimechoka na maneno ya "karibu sana mteja wetu mpendwa". Nikamjibu vile marehemu nyanya yangu angemjibu, yule tunayemwita cucu au shosho.

"Wewe mtoto, umenunua vifaranga mia na hujanunua hata jiko la kuwapa joto? Hao wanakumbatiana kwa baridi. Washa moto, halafu urudi hapa uniambie wamelala aje."

Wakuu, watu walicheka wiki nzima. Yule mteja akarudi kweli, akasema vifaranga wametulia. Wengine wakaanza kuuliza, "Huyu shosho ni nani?"

Madam akaniita ofisini. Nikajua basi, kazi imeisha. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Hivyo hivyo. Usibadilishe."

Tukaweka mchoro wa mama mzee mwenye kitambaa kichwani, page tukaiita Shosho wa Kuku, na mimi nikawa Shosho.

Kabla hamjaniita tapeli, nitoe hii njiani. Swali lolote la ugonjwa nilikuwa nampelekea kwanza daktari wa mifugo wa kampuni, halafu jibu lake nalivalisha kitambaa. Ushauri ulikuwa wa kweli. Mtu ndiye hakuwa wa kweli.

Kitu ambacho sikutarajia ni vile watu wangempenda.

Asubuhi nikifungua simu, nakuta salamu kabla ya maswali. "Shosho umeamkaje?" "Shosho huko Thika kumenyesha?" Kuna jamaa wa Juja alituma picha ya matokeo ya mtihani ya mtoto wake, kuku hajatajwa hata mara moja. Alitaka tu Shosho aone.

Na usimguse Shosho. Kuna wakati tulitoa magunia yenye vumbi nyingi kuliko chakula, kosa letu wenyewe. Mteja mmoja akalalamika kwa haki kabisa. Kabla sijafungua inbox kuomba msamaha, wateja wengine walikuwa wamemmaliza. "Shosho hawezi kutufanyia hivyo." "Umeuziwa feki huko kwenu." Ilibidi Shosho mwenyewe atokee aseme jamani, mwacheni, ni kweli, kosa ni letu. Na hata hapo wakasema ona vile Shosho ana roho safi!

Nilicheka, lakini pia niliogopa kidogo. Mtu akikupenda hivyo, ukikosea anaumia mara mbili.

Sasa nije kwa kosa langu lenyewe.

Ukiwa shosho kila siku unaanza kupata maisha ya shosho. Goti likauma wakati wa baridi. Nikawa na ng'ombe anayeitwa Karembo. Na siku moja, sijui nini kilinipata, nikaandika kwamba mzee wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa hapendi jogoo mweupe.

Nikawa mjane hivyo tu, wakuu. Kwa comment moja.

Hapo ndipo Mama Wambui wa Gatuanyaga akaingia inbox.

Mama Wambui ana kuku wa mayai mia mbili na kitu. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wamama wafugaji kule kwao. Alikuwa ameuliza mambo ya chanjo mara kadhaa, lakini baada ya ile comment ya mzee wangu akaandika kitu tofauti. Alikuwa amefiwa na bwana yake. Alikuwa na swali juu yake ambalo hangeweza kuwauliza wamama wa kanisa, kwa sababu lingefika kwa pastor kabla yeye hajafika nyumbani. Kwa hivyo anamuuliza Shosho, mjane mwenzake.

Swali lenyewe ndilo kile kitu ambacho sitaandika.

Ningemwambia nini? Hapo ndipo ningesema, "Mama, mimi naitwa Kamau, mimi ni admin." Sikusema. Niliona ataaibika, halafu niliona nitamkosa, na ukweli ni kwamba hilo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nikamjibu kama Shosho, "Hata mimi nasikia hivyo juu ya mzee wangu, na bado naomba kila siku."

Aliandika, "Asante. Nilifikiri ni mimi peke yangu."

Tangu siku hiyo alikuwa ananiandikia kila jioni akishamaliza kukamua ng'ombe wake. Mambo ya kuku kidogo, mambo ya moyo mengi.

Sasa, mwaka huu nikaugua.

Tumbo lilianza Alhamisi, nikafikiri ni chapati za kibanda. Kufika Ijumaa nilikuwa siwezi kunyooka. Jirani akanipeleka hospitali na boda, kila bump nikiona mbingu. Kumbe ni appendix, na ilikuwa karibu kupasuka. Nikapasuliwa siku hiyo hiyo.

Nililazwa siku sita. Madam alituma text ya "quick recovery". Mama yangu yuko Ol Kalou na miguu inamsumbua, kwa hivyo nilimdanganya ni malaria kidogo asije akapanda gari. Jirani alikuja mara moja kuniletea charger.

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, vitanda vingine vinajaa watu, thermos, watoto, vicheko. Mimi naangalia ukuta. Jamaa wa kitanda cha pili alikuwa na wageni wengi mpaka wengine wanakaa kwa kitanda changu, wananipa mgongo.

Siku ya tatu nikashika simu. Page ilikuwa kimya na watu wanauliza, "Shosho uko wapi?" Nikaandika, "Shosho ako hospitali, amepasuliwa. Tuombeeni."

Sikuwa nadanganya na sikuwa nasema ukweli. Nilitaka tu mtu aniambie pole, na kwa jina langu hakuna mtu angejua.

Comments zilikuja mpaka simu ikazima. Sala, wengine wameandika Zaburi nzima, wengine wametuma sauti wakiimba. Nilijifunika blanketi na kulia, wakuu, naandika bila aibu. Halafu nikaona mimi ni mwizi. Hizi sala zina mwenyewe, na mwenyewe hayuko.

Nilirudi kazini Jumanne, wiki iliyofuata baada ya kutoka hospitali, bado natembea nimeshika tumbo. Sijamaliza chai, soja wa gate akapiga simu ya ofisi.

"Kuna canter hapa imejaa wamama. Wanasema wametoka Gatuanyaga kuona Shosho. Wameimba tayari wimbo mmoja."

Nilienda dirishani. Wamama kumi na wawili, leso za rangi moja, vitambaa vyeupe kichwani. Kwa canter, lile lori dogo, kuna vyondo, mkungu wa ndizi, trei za mayai, mtungi wa uji. Wale wa kwetu mnajua. Mama akiugua, wamama wenzake hawatumi emoji. Wanachanga, wanapika, wanavaa sare, wanaenda. Hospitali hawakuijua, kwa hivyo walikuwa wamesoma address kwenye gunia.

Mbele yao alikuwa Mama Wambui. Nilimjua kwa picha ya profile.

Madam alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamsikia akisema polepole, "Ngai, Mungu wangu."

Mawazo ya Madam hayakawii. Aliita Mama Shiro, mama wa makamo anayetupikia chai, ambaye ana kitambaa kichwani kila siku.

"Mama Shiro, utalala hapo kwa kiti ujifunike shuka. Dakika kumi tu. Usiongee, ukohoe tu."

Mama Shiro aliweka birika chini.

"Madam, mimi nijifanye mgonjwa mbele ya maombi? Na Mungu akiamua nisiwe mwongo?"

Akachukua birika lake, akarudi jikoni.

Madam akanigeukia. "Basi wewe shuka uwaambie Shosho amepelekwa kwa msichana wake Nakuru kupumzika. Wapokelee vitu, washukuru, waende." Halafu akasema kile kingine, bila hasira. "Kamau, hawa ndio wanafanya Gatuanyaga yote inunue kwetu. Ukiwaambia ukweli na waende, sitakuwa na page, na kama sina page sina kazi ya kukupa."

Ningependa kuwaambia nilishuka nikiwa nimeamua kusema ukweli. Hapana. Nilishuka nikikariri Nakuru.

Nilifungua gate. Mama Wambui akanisalimu kwa mikono miwili. Alikuwa amekumbatia thermos iliyofungwa kwa taulo isipoe.

"Kijana, wewe ni wa hapa? Tuambie, Shosho ameanza kula?"

Nikafungua mdomo, na Nakuru ikakataa kutoka. Yule mama alikuwa ameshika ile thermos tangu Gatuanyaga.

"Mama," nikasema, "hakuna Shosho. Ni mimi ndio huwa naandika. Kutoka mwanzo ni mimi."

Mmoja alicheka, akifikiri ni utani. Akaangalia uso wangu, akaacha. Mwingine akasema kwa sauti, "Hii ni kampuni ya wakora! Tumefunga na kuomba kwa ajili ya picha?" Akachukua trei yake ya mayai, akarudi nayo kwa canter, akapanda mbele na kufunga mlango.

Mama Wambui hakusogea.

"Kama ni wewe," akaniuliza, "mara ya kwanza niliandika inbox juu ya chanjo ya kuku... ngoja. Sitaki ya kuku. Ile siku niliandika juu ya mzee wangu, nilikuuliza nini?"

Wamama wote wakasogea wasikie. Hata soja alipunguza redio.

"Siwezi kusema hapa, mama."

"Kwa nini? Si unajua?"

"Najua. Lakini ulisema hukutaka hawa wasikie."

Halafu akampa mwenzake thermos, akanishika mkono wa shati, akanivuta mpaka nyuma ya kibanda cha soja. Hapo nikamwambia swali lake, neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Aliangalia chini.

"Umewahi kuambia nani?"

"Hakuna. Hata Madam hajui."

"Na wewe ukaniambia unasikia hivyo juu ya mzee wako. Na huna mzee."

"Sina, mama. Lakini baba yangu alikufa nikiwa form two, na hicho kitu nakisikia juu yake mpaka leo. Hiyo peke yake sikudanganya."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu hiyo.

Halafu akauliza, kwa ukali sasa, "Na hospitali? Hiyo nayo ulitunga?"

Niliinua shati. Bandeji ilikuwa bado iko.

Aliinama akaiangalia karibu, vile mama anaangalia goti la mtoto aliyeanguka.

"Nani alikuja kukuona?"

"Hakuna mtu, mama."

"Siku ngapi?"

"Sita."

Wakuu, yule mama alirudi pale mbele ya gate, akapiga makofi mara mbili.

"Wamama! Tumetoka Gatuanyaga kuja kuona mgonjwa. Mgonjwa ndiye huyu. Shukisheni vitu."

Sijui niwaelezee aje. Nikalia pale pale, mbele ya soja na wanawake kumi na mmoja. Zile sala hazikuwa zimepotea njia. Zilikuwa zimefika pale pale palipokuwa na kidonda.

Walinikalisha kwa kiti cha soja. Nikapewa uji wa kuchacha, kikombe cha kwanza, cha pili. Mmoja akafungua sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, na wengine wakaanza kucheka, kwa sababu njahi kwetu hupikiwa mama aliyejifungua.

"Amepasuliwa tumbo, si ni sawa tu?" akasema. "Kula. Maziwa yaje."

Walicheka mpaka yule wa kwa canter akafungua dirisha aone. Hakushuka lakini. Mayai yake yalirudi Gatuanyaga, na mpaka leo hajarudi kwa page. Namwelewa.

Kisha wakaniwekea mikono kichwani wakaomba kwa Kikuyu. Madam alikuwa ameshuka wakati huo, amesimama kando na mkoba wake, amefumba macho kama wengine. Alipofungua macho, mtu alikuwa amemwekea kikombe cha uji mkononi bila kumuuliza.

Mama Wambui alikuwa bado hajamaliza na mimi. "Mama yako anajua umepasuliwa?"

"Nilimwambia ni malaria."

"Lete simu."

Walizungumza na mama yangu zaidi ya nusu saa, wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana, wakinisema kama sipo. Walipoagana, mimi nilikuwa nimemaliza njahi.

Jioni Madam akaniambia, "Kesho uandike ukweli kwa page. Kwa maneno yako." Ya kazi hakusema tena, na mimi sikumkumbusha.

Niliandika. Kuna waliotutukana, na walikuwa na haki. Kuna walioondoka. Wengine wakasema walijua zamani, hakuna shosho anayejibu haraka hivyo. Wengi wakauliza tu kama kidonda kimekauka. Mchoro tumeutoa, sasa ni picha yangu nikiwa na kuku mkononi, nimesimama vibaya. Bado wananiita Shosho. Naitika.

Nilichojifunza, wakuu. Tunaambiwa kwenye hizi kazi kwamba mteja anajenga uhusiano na brand. Hakuna mtu ana uhusiano na gunia. Kila anayeandika inbox anaamini kuna mtu upande wa pili, na akishaamini hivyo atakupa vitu ambavyo hukuomba na hustahili. Basi uwe mtu kweli. Andika kwa jina lako, usimtungie mjane wa uongo, na alichokuachia kishike vizuri.

Na wewe unayefanya kazi ya kujibu watu siku nzima, ukiugua sema ni wewe. Mimi nilikaa siku sita naangalia ukuta kwa sababu niliona afadhali aombewe mtu ambaye hayuko.

Haya, uwanja ni wenu. Kama ni kunisema nisemeni, nimeshazoea, wamama wawili walianza. Ila kwanza mniambie: kuna page gani umewahi kuiambia jambo ambalo hujamwambia mtu wa nyumbani kwako? Na ulipobonyeza send, ulifikiri ni nani anasoma?